Hakulazwa ICU, mbona bili inasema mahututi?

SWALI: Asalaam alaykum. Mie niko Wete, binti yangu kaolewa yuko Marekani. Mumewe kabanwa na pumu usiku wakamkimbiza imajensi, kavikwa ile barakoa ya mashine ya kusaidia pumzi, asubuhi karudi nyumbani kwa miguu yake. Sasa imekuja bili ina mstari wa dokta kuhudumia mgonjwa mahututi. Mahututi gani na ICU yenyewe hakuiona? Si wizi huu?

JIBU: Waalaykum salaam mama, pole kwa mkweo. Sisi tuliozoea hospitali za serikali huku Unguja na Pemba hatujapata kuona dakika za dokta zikiandikiwa bili, ndo maana inashtua, ila kule chumba si hoja, mtu anaweza kuwa mahututi palepale imajensi. Linaloangaliwa kwanza ni hatari: mapafu, moyo, ubongo au kiungo chengine kikubwa kimeshindwa kazi au kinaelekea kushindwa na mtu akiachwa atazidiwa muda si mrefu. Pumu ya kufikia barakoa ya mashine inaweza kabisa kuingia humo, na kurudi kwa miguu hakufuti kitu, kapona kwa vile kawahiwa.

Halafu dakika, na hapa ndo penye mzozo. Namba 99291, ndo alama ya bili za Marekani ya dokta kuhudumia mgonjwa mahututi, inadaiwa dokta akitumia dakika 30 au zaidi kwa mgonjwa huyo tu, zikiwa 29 anadai ziara ya imajensi basi. Si lazima zifuatane, kusoma vipimo, kushauriana na dokta mwenziwe, kuandika faili, hata kumuuliza binti yako ikiwa mgonjwa mwenyewe hawezi kusema, zote zimo. Lakini zile masaa alizolala kitandani dokta yuko kwa wengine hazimo! Na dakika za kazi inayodaiwa mbali, mfano kutia mpira wa pumzi kooni, zinaondolewa kwenye hesabu.

Sasa mkweo aombe bili yenye mchanganuo pamoja na maandishi ya dokta. Dakika lazima ziwe zimeandikwa, kama hazimo apeleke pingamizi hospitali na kwa bima yake. Tena atazame chini: kusimamia ile mashine na kusoma picha ya kifua vimo ndani ya 99291, dokta huyohuyo akividai tena siku hiyohiyo, hapo mama mng'ang'anieni.