Maswali Yenu: Trauti Mto Unapojaa Ghafla

SWALI: Huvua trauti kwa nzi wa bandia katika mto Mathioya. Asubuhi maji huwa maangavu, lakini mchana hupanda ghafla na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, ilhali nilipo hakujanyesha hata tone. Je, nifungashe virago, au samaki bado wanakula? – Msomaji, Murang'a

JIBU: Mvua hiyo imenyesha mlimani, mto unakotoka. Mathioya, kama mto Gura walikopandwa trauti wa kwanza nchini Kenya mwaka 1905, hushuka kutoka milima ya Nyandarua kwa mteremko mkali, kwa hiyo mvua ya huko juu hukufikia haraka na kwa nguvu. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mawingu hujikusanya mlimani kuanzia adhuhuri. Tazama mlima, usitazame anga ya utosini.

Kuhusu kula, inategemea maji yamefikia hatua gani. Yanapoanza tu kupanda na kuchafuka kidogo, hubeba nyungunyungu na wadudu kutoka kingoni, na trauti hula kwa pupa. Muda huo ni mfupi na una hatari yake. Ufikapo, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Yakipanda sentimita 10 ndani ya robo saa, toka majini uvulie ukingoni. Majani, vijiti na povu vikianza kupita, kunja mshipi, maana ndoano itanasa takataka kila urushapo.

Ili kupima uchafu wa maji, zamisha ncha ya fimbo ya kuvulia. Ikipotea kabla ya sentimita 20, acha. Ukiiona hadi 40, endelea, ila badilisha mtindo. Wengi hukosea hapa kwa kurusha katikati ya mto kama kawaida, na samaki hawako huko. Wamekimbia mkondo, wamejibanza nyuma ya mawe na kando kabisa ya ukingo, mara nyingi pale pale unapotaka kukanyaga. Rusha kwanza karibu na miguu yako.

Weka kando nzi wadogo wa namba 16 (namba ya ndoano ikiwa kubwa, nzi huwa mdogo). Funga Woolly Bugger, nzi mkubwa wa manyoya, mweusi wa namba 6 au 8, mwenye uzito wa kuzama. Katika maji machafu weusi huonekana vizuri kuliko rangi nyingine, na manyoya yake hutikisa maji kiasi cha samaki kuhisi. Uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, upunguze kutoka mita 2.7 hadi 1.5, kwa kuwa mrefu haurushi nzi mzito kwa shabaha. Unene wa milimita 0.15 upandishe hadi 0.20, kwani samaki hauoni uzi, na mkondo humwongezea nguvu ya kukata. Vuta polepole.

SWALI: Nikiwa nimevuka mto Sagana maji yakiwa chini ya goti, kisha yakapanda, nirudi vipi? – Msomaji, Karatina

JIBU: Usirudi kwa njia hiyo. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, na mtu aliyesimama vizuri asubuhi huangushwa na kina kile kile. Usipoona unapokanyaga, usiingie. Tembea hadi darajani, au subiri mto ushuke. Kwa kuwa msituni kuna nyati na ndovu, kungoja hadi giza si jambo la kutegemea, kwa hiyo jua daraja liko wapi kabla ya kuvuka, na baada ya adhuhuri vulia upande wa nyumbani.

Ukichukuliwa, tupa fimbo, lala chali, miguu itangulie. Usijaribu kusimama katika mkondo mkali: mguu ukibanwa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Epuka kwa kila hali mti ulioanguka, kwani maji hupita kati ya matawi lakini mwili hunasa. Ukivaa suruali ya kuingilia majini, funga mkanda wa kiunoni kwa nguvu ili isijae maji.

SWALI: Baada ya mafuriko nirudi mtoni lini? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Mara tu maji yanapoanza kushuka na kusafika, yaani ukiona mstari wa unyevu kwenye mawe yanayoibuka, na ukiona vidole vya miguu ukisimama ndani hadi magotini. Anzia sehemu za juu, ndizo husafika kwanza.