Ganzi ya kuongezewa dawa kwenye upasuaji wa matundu

Dada, umeuliza kama kuchanganya dawa nyingine kwenye ganzi kutampunguzia mama maumivu akitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo ya tumboni hapo Kampala. Ndiyo, kunasaidia. Bupivakaini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ikichomwa peke yake pale vifaa vya upasuaji vinapopitia, hutuliza kwa saa kadhaa tu, halafu usiku maumivu yanarudi. Ikiongezewa deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe), au deksmedetomidini (dawa ya kutuliza na kusinzisha) inapopatikana, hukaa muda mrefu zaidi na mgonjwa huhitaji mofini, ile dawa kali ya maumivu, kidogo zaidi. Mofini yenyewe huleta kichefuchefu na kufunga choo.

Mimi ningeulizia deksamethasoni kwanza: bei yake ni nafuu, inapatikana kwa urahisi, na inapunguza kutapika. Ila kama mama ana kisukari, mwambieni mtaalamu wa usingizi mapema, maana inapandisha sukari. Deksmedetomidini nayo hushusha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo inataka uangalizi wa karibu.

Tena asishtuke bega likimuuma, hasa la kulia. Gesi ya kaboni dioksidi inayojazwa tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva ya kiwambo hicho inatoka shingoni, ndiyo maana uchungu unasikika begani. Ganzi ya kwenye ngozi haifiki huko. Muulizeni daktari kama atanyunyizia ganzi nyingine ndani ya tumbo, na aitoe gesi vizuri kabla ya kushona. Nyumbani ameze parasetamoli kwa saa alizopangiwa, asingoje mpaka azidiwe. Pole sana, mpe mama salamu.