Maswali ya Wasomaji: Unene, Siku za Ugonjwa na Fedha za Mwajiri

Mimi ni mhasibu wa ghala moja huku Namanve. Malipo ya bima ya afya yamepanda, na bosi anataka wafanyakazi wote wapimwe uzito, wanene wasiongezewe mkataba. Nitamwonyeshaje gharama halisi?
*Mhasibu, Kampala*

Weka mizani kando, fungua daftari la mahudhurio. Bima inaonekana kwa sababu huja na bili moja kubwa. Hasara nyingine huvuja kwa siku mojamoja: leo goti, wiki ijayo mgongo, mwisho wa mwezi kliniki ya sukari.

Chukua storkipa anayelipwa shilingi 780,000 kwa siku 26 za kazi. Siku yake ni 30,000, na akiugua unamlipa hizo hizo. Mwenzake akishika zamu kwa ovataimu, sheria inadai mara moja na nusu: 45,000. Siku hiyo imekula 75,000, na bado hujahesabu lori lililosubiri kupakiwa.

Andika safu nne: siku, aina ya ugonjwa kwa jumla (viungo, presha, sukari, malaria, mengineyo), aliyeshika zamu, na alicholipwa. Kusanya miezi 12, kwani miezi michache hupotosha. Malaria ya msimu wa mvua haichagui mwembamba wala mnene. Bosi mpe jumla tu, bila majina.

Ila usibandike kila maumivu ya mgongo kwenye unene. Anayebeba magunia kutwa huumia hata akiwa mwembamba, na dawa yake ni toroli. Kuwaondoa wanene nako hakukuokoi: presha mara nyingi haina dalili, na mgeni mwembamba utakayemwajiri anaweza kuja nayo. Upimaji wa presha na sukari uwe wa hiari na wa siri, chini ya muuguzi. Ukiwapima watu hadharani utawafundisha kuficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa huishia kulazwa, ambako ndiko bili kubwa zinakotoka.

Nina kilo 118, urefu mita 1.72. Presha yangu hutofautiana kila kliniki, na mchana nasinzia kwenye usukani. Nikiugua nitalipwa?
*Dereva wa lori, Busia*

Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: unapata karibu 40, na unene huanzia 30. Kuhusu presha, pima mzingo wa mkono wako juu ya kiwiko. Ukizidi sentimita 32 hivi, mkanda wa kawaida wa mashine ni mdogo kwako na hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Omba mkanda mkubwa. Keti dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, kisha upimwe mara mbili.

Kusinzia ndiko kunakotutia hofu zaidi. Muulize anayelala nawe kama unakoroma, pumzi inakatika, kisha unashtuka. Kama ndivyo, koo linaziba usingizini na ubongo haupumziki. Muone daktari, na usiendeshe mpaka akuruhusu.

Malipo: chini ya Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, aliyetimiza mwezi mmoja kazini hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mwezi wa pili ukiisha bado hujiwezi, mwajiri anaweza kuvunja mkataba akishakulipa haki zako. Mjulishe mapema na uwe na cheti cha daktari. Wengi hupoteza malipo kwa kunyamaza wiki nzima.

Usijipangie kufika kilo 80. Kupungua kilo 6 hadi 12 tayari hushusha presha na sukari. Dawa usiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Ninapikia wafanyakazi 40 kiwandani. Nipunguze nini bila kuzua manung'uniko?
*Mpishi, Jinja*

Posho (ugali) waachie. Anza na chai: usiitie sukari kwenye sufuria, iweke mezani kila mtu ajitilie. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni gramu 48 hivi, karibu kalori 190 kwa siku.

Kisha mafuta. Acha kumimina kutoka kwenye jerikeni, pima. Mililita 600 kwa watu 40 ni kijiko kikubwa kimoja kwa kila sahani, kalori 120 hivi. Mililita 300 zinatosha kukaanga vitunguu na nyanya za maharage. Punguza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Ukikata yote Jumatatu, Jumanne watakuwa getini wakinunua rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai.