Presi ya mtumba ya kufulia chuma

Ndugu yangu wa Dodoma, nimekuelewa: umenunua presi (mashine ya kubana kwa nguvu ya oili) ya tani 30 iliyotoka gereji, unataka kufulia visu na majembe kwa springi za lori, nayo inavuja oili.

Tani zisikudanganye. Presi nyingi za gereji ni za kung'olea beringi, zinashuka polepole. Chuma kinapoa kabla hakijabonyea. Kama ni ya pampu ya mkono itakuchosha bure, tafuta ya mota. Bana chuma kikiwa rangi ya chungwa. Kikififia kuwa chekundu cha damu ya mzee, kirudishe motoni, la sivyo springi itapasuka.

Kuhusu uvujaji, nakusihi: usipapase mpira wa kupitisha oili kwa kidole. Mimi hushika kipande cha boksi kwa koleo refu na kukipitisha kandokando ya mpira. Doa la oili linanionyesha tundu. Oili yenye presha hutoboa ngozi. Kidonda huonekana kama alama ya sindano tu, lakini ni cha upasuaji wa haraka, hata kama hakiumi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mipira ikinge kwa bati, maana oili ikirukia chuma cha moto inawaka. Sili (raba za kuzuia oili isivuje) na mipira mipya afunge fundi wa haidroli, yaani mashine za presha ya oili, wa wale wanaotengeneza makatapila.