Mkuu, hizo ngoma tatu usizinunue

Hiyo laki nne na themanini irudishe mfukoni. Kama umeshatoa kishika uchumba, nenda kakidai leo, hata kwa machozi. Karibu jukwaani utaambiwa na wengine, mimi nina haraka.

Mleta mada anasema amejiunga na kikundi cha kuigiza maharamia hapa Mwanza, wale wa kupanda boti wikiendi na mapanga ya mbao. Wamempa kazi ya ngoma. Anauliza: anunue seti ya ngoma tatu za Kisukuma kwa sh 480,000 au djembe moja, mpigangoma wa maharamia alivaaje, ajifunzie wapi, na je, ngoma za kwetu zinaendana kweli na maharamia wa Kizungu au atachekwa.

Ningepita kimya, lakini kuna sentensi imenitoa kitandani. Umeandika kwamba muuzaji amekuhakikishia "mti umekaa kivulini miaka mitatu na ngozi ni ya dume". Mkuu, hiyo sentensi naijua. Niliambiwa mimi, neno kwa neno, nikiwa nimesimama kando ya barabara na pesa ya mchezo mfukoni. Ilikuwa zamu yangu kupokea, na mama alikuwa ameshaipigia hesabu ya mabati. Nikamwambia mama mabati yatasubiri, sanaa inalipa. Mpaka leo mvua ikinyesha ananitazama tu, hasemi kitu.

Nilinunua tatu kwa sh 450,000. Kubwa, ya kati na ndogo. Zimepakwa vanishi zinang'aa kama kabati la bwana harusi. Nikainua ile kubwa, mgongo ukalia. Nikamuuliza yule bwana, mbona nzito hivi? Akacheka, akaniita msanii, akasema ngoma nzito ndiyo yenye sauti. Na mimi kwa kuitwa msanii nikalipa bila hata kuomba punguzo. Ukitaka kumwibia mtu wa Mwanza usimtishe, msifie.

Ule uzito ulikuwa maji. Gogo lilikuwa bichi. Limekatwa, likachimbwa, likawambwa ngozi na kupakwa vanishi pengine ndani ya mwezi mmoja. Sasa sikiliza kinachotokea. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na hausinyai sawa kila upande. Nje umeshazibwa na vanishi, kwa hiyo maji yanatafuta njia kupitia mdomoni na kule ndani ambako fundi hajapaka kitu. Gogo linaanza kujivuta lenyewe kwa lenyewe. Chumba changu ni bati bila dari, mchana tanuri, usiku baridi ya ziwa. Wiki ya tatu, saa nane usiku, nikasikia PAA! Niliruka nikajificha uvunguni. Jirani akatoka na rungu akijua nimevamiwa. Tukawasha taa, tukakuta ile kubwa ina ufa kutoka mdomoni mpaka kwenye kitako, kidole gumba kinapita. Jirani akaitazama ngoma, akanitazama mimi na boksa yangu, akarudi kulala. Ile ya kati ikafuata siku nne baadaye, mchana, nikiwa kazini, angalau hiyo ilikuwa na adabu.

Nikampigia muuzaji. Mara ya kwanza akasema ni hali ya hewa. Hali ya hewa! Kana kwamba yeye kaichonga Dodoma. Mara ya pili akasema nimeiweka vibaya. Mara ya tatu namba haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Lakini kilichoniuma zaidi si yeye. Kapteni wa kikundi chetu cha wakati ule ndiye aliyenipeleka pale, "ni mshikaji wangu, atakupa bei ya undugu". Baadaye nikaja kujua kwamba katika ile laki nne na nusu, elfu hamsini ilikuwa yake. Huyo ndiye haramia pekee wa kweli niliyewahi kukutana naye, na hakuwa hata na kofia siku hiyo. Kwa hiyo na wewe jiulize, aliyekuelekeza kwa huyo muuzaji ni nani na anakula wapi.

Hapo nilipaswa kukoma. Sikukoma. Nikachanganya gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikaziba ufa, nikafunga na mpira wa baiskeli, Jumamosi nikapanda nayo boti. Kuna mzazi alikuwa amekodi maharamia kwa ajili ya birthday ya mwanawe, tunatokea upande wa Capri Point tukizunguka kuelekea kisiwa cha Saanane. Asubuhi ziwa lilikuwa kama sahani. Mchana upepo ukageuka ukaanza kutoka ziwani, mawimbi yakawa yanatema mate juu ya boti, na ngozi ya ng'ombe haipendi mate. Ngozi ikinywa unyevu inalegea. Kapteni akachomoa upanga, akapiga kelele "Ngomaaa!", nikashusha fimbo zote mbili kwa nguvu zangu zote, ikatoka sauti kama ya mtu anayekung'uta godoro. Watoto walicheka mpaka mmoja akatapika. Mzazi alisema hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda zaidi. Nashukuru.

Tulipotia nanga nikaomba jiko la mama mmoja anayekaanga samaki. Nilishawahi kuona wazee wakiota ngoma motoni, nikajua ndiyo hivyo tu. Nikaielekeza ngozi kwenye makaa, karibu kabisa. Nikagonga kwa kidole: du. Nikasubiri, nikagonga: do. Nikasubiri tena, ti! Inakuja! Nikasema dakika moja nyingine. Ilipasuka katikati kama kanga kuukuu, na harufu ikawa ya mchemsho wa kwato. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, hii ilikuwa ya kula?"

(Kwa faida yako: ngozi inaoteshwa mbali na moto, unaizungusha, na unaacha kabla haijafika unapotaka, kwa sababu inaendelea kukaza ukishaitoa. Jua la saa nne asubuhi ni bora kuliko jiko. Lakini hilo sikulijua, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniambia. Ndipo ninapoelekea.)

Na siku hiyo hiyo tukirudi, tukapita karibu na mitumbwi ya dagaa huku bendera nyeusi ikipepea. Jamani, wavuvi wa ziwa hili wanaibiwa injini na nyavu na majambazi wa kweli. Kwao bendera nyeusi na watu wamefunga vitambaa usoni si mchezo. Mmoja alishasimama na kasia juu. Tulivua vitambaa haraka na kuanza kusalimia kila mtu shikamoo, hata vijana wadogo. Kama kikundi chenu hakijawahi kwenda kuongea na watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kabla ya kutoka, fanyeni hivyo kwanza, habari ya ngoma baadaye.

Haya. Baada ya aibu ile ndiyo nikapanda daladala kwenda Kisesa, kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Nilikwenda kutazama ngoma za watemi kwa uchungu, kama mtu aliyeachwa anavyokwenda kutazama harusi za wenzake. Hapo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa vijiji vya jirani aliyepiga ngoma maisha yake yote. Mimi Msukuma wa mjini, Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikamwambia "Mwangaluka, babu", akajibu vizuri, halafu mengine yote nikaangukia Kiswahili. Akaniuliza, "Ng'wanawane, unapiga nini?"

Nikataka kujionyesha kidogo. Wakati huo nilikuwa nafuata video za simu za djembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kinu, inayopigwa kwa viganja. Nikajibu, "Babu, mimi napiga djembe."

Uso wake ukachanua. "Unapiga jembe! Vijana wa mjini siku hizi hawataki. Basi kesho uje saa kumi na mbili asubuhi."

Nikafika saa kumi na mbili na fimbo zangu kwenye begi. Akanikabidhi jembe. La mpini. Shamba lilikuwa la mahindi, mvua za vuli zimeanza, na mistari ilikuwa mirefu kiasi kwamba mwisho wake niliusikia tu kwa jogoo wa jirani. Nilimweleza kosa langu nikiwa tayari nimetoa malengelenge mawili. Alicheka akakaa chini. Kisha akasema endelea kulima tu, maana hakuna tofauti.

Nilidhani ananitania. Kumbe bugobogobo ni ngoma ya kulima. Watu walikuwa wakilima kwa makundi na ngoma inawasukuma, ndiyo maana mpaka leo wachezaji wanashika majembe na kuyarusha. Akaleta ngoma yake ukingoni mwa shamba, akaanza kupiga taratibu. Nikawa nalima. Nikiinua jembe, fimbo yake ndogo inatembeatembea. Jembe likigusa udongo, fimbo kubwa inashuka. Akawa anachelewesha kidogo makusudi, na mikono yangu ikawa inachelewa pamoja naye bila mimi kuiamuru. Mstari wa tatu nikaacha kuhesabu. Video zilikuwa zimenifundisha kuhesabu moja mbili tatu nne. Mgongo wangu haukuwa unajua hesabu, ulikuwa unajua udongo.

Nilikwenda kila Jumapili miezi minne. Mwezi wa kwanza sikugusa ngoma, nililima na kupiga makofi. Mwezi wa pili nikapewa gogo la kukalia nipige kwa fimbo. Ngoma yenyewe nilipigia ya kwake. Malipo yalikuwa sukari, sabuni na nauli yangu mwenyewe. Jumla ya miezi yote haikufika hata bei ya ile ngoma ndogo.

Mwisho wa mwezi wa nne yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tafuta yako." Tukaenda wote kwa fundi. Unajua alikaguaje? Hakugonga hata moja. Alipenyeza mkono chini, upande ambao haukuwa umepakwa vanishi, akapapasa kule ndani, akaunusa mkono, kisha akaweka shavu kwenye mti. Mti mbichi ni wa baridi shavuni, na una harufu ya majani. Alikataa tano. Ya sita nikalipa sh 130,000, moja tu, na ninayo mpaka sasa, haina hata mstari.

Moja, mkuu! Ngoma tatu utazipiga na mikono mingapi? Waliokuuzia wazo la seti wanauza magogo.

Kwa hiyo usinunue ngoma mpaka anayekufundisha akuambie nunua. Si kapteni, si muuzaji, si mimi. Hata akikuambia mtu mwenye picha na rais.

Uliuliza kama ngoma za kwetu zinaendana na maharamia. Zinaendana kuliko hiyo djembe unayoitamani. Ngoma ya kwenye meli za Ulaya za wakati huo ilipigwa kwa fimbo mbili na kukazwa kwa kamba, na kazi yake kubwa kwa maharamia ilikuwa kutisha: matarumbeta na ngoma vinapigwa sitahani, mabaharia wa meli ya mizigo wanaingiwa baridi, wanajisalimisha bila risasi. Yaani ni kuvuta na kushika roho za watu kwa kelele. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wanashindana kwa jambo hilo hilo kila mwezi wa 6 kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, mshindi ni aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Tofauti ni kwamba wao hawachukui mizigo.

Na kuna huyu haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa 1722 pwani ya Gabon. Kwenye sheria za meli yake, wanamuziki walipewa haki ya kupumzika siku ya Sabato. Siku nyingine sita, usiku na mchana, ni kupiga tu labda wapewe ruhusa. Mwoneshe kapteni wako hilo siku atakapokuambia mazoezi ni Jumapili. Wangu alijibu kwamba sisi ni maharamia wa kisasa.

Jambo moja la haraka: huyo muuzaji akikuletea ile ndogo yenye ngozi ya kenge na kukuambia "hii ndiyo yenye mlio", ondoka. Mlio unao kweli. Lakini kenge ni mnyamapori, ukikutwa na ngozi yake bila kibali ni kesi ya nyara za serikali, na hapo hakuna wa kukuigizia, utavaa pingu za chuma.

Mavazi uliuliza pia, nadhani. Na kitu kingine. Nimechoka kuandika kwa simu, watakuja wengine wa mambo ya kofia.

Ile ngoma kubwa yenye ufa bado ipo nyumbani. Mama aliondoa ngozi iliyobaki, akatia majani makavu ndani, akailaza chini ya mwembe. Ukitaka kuona gogo bichi linavyokuwa likishakauka, njoo PM nikuelekeze, uchungulie mwenyewe. Ila uje jioni na usiiguse, tetea analalia mayai kumi na moja humo.