Kanban au Gantt, nianze na ipi?

SWALI: Mhariri, nimepewa mradi wa watu sita na kila kazi inachelewa, mmoja ananiambia nijifunze chati ya Gantt mwingine Kanban, nimechanganyikiwa.

JIBU: Anza na Kanban ndugu yangu, ni ubao tu wa kuonyesha kila kazi imefika wapi, haina mambo mengi. Ilitokea viwandani Toyota, Japani, walikuwa wanatumia kadi tu. Gawa ukuta safu tatu, "bado", "inafanyika", "tayari", kila kazi kikaratasi chake, halafu mtu asishike zaidi ya kazi mbili kwa mpigo (hapa ndo wengi wanazingua), utaona zinakwamia wapi. Gantt, yaani chati ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, ije ukishajua kazi ipi inasubiri ipi, mfano rangi haianzi lipu haijakauka, na mnyororo wa kazi zinazosubiriana unaochukua muda mrefu kuliko yote ndo unaoamua tarehe ya kumaliza. Programu ya kulipia achana nayo kwanza.