Pesa ya chekechea usiitafute kwa mwalimu mkuu

Binti yangu alipoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, darasa lao lilikuwa na viti kumi na viwili na watoto thelathini na mmoja. Waliochelewa walikalia magunia. Nikamwendea mwalimu mkuu hasira zimenipanda. Kwani hii si shule ya serikali? Akanieleza taratibu: serikali kuu humhesabia mwanafunzi wa msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, lakini hesabu inaanzia gredi ya kwanza. "Hawa wadogo nimewapa chumba tu, mama. Wenyewe ni wa kaunti."

Geti moja, kengele moja, serikali mbili. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliwapa kaunti elimu ya chekechea. Madarasa, viti, hata mshahara wa mwalimu wa PP1 hutoka huko. Ndiyo maana kaunti moja watoto wanakunywa uji na jirani wanashinda njaa. Nairobi, kwa mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani ya mchana.

Basi Mei nikaenda kwenye kikao cha umma cha bajeti. Nikasimama, nikasema, nikapigiwa makofi. Kisha afisa mmoja akaniambia kwa upole kwamba viwango vya pesa vya kila idara vilishapangwa. Nilikuwa nimefika karamuni wakati wa kuosha sufuria.

Shika tarehe hizi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Kufikia Februari 28 viwango vya idara viko mezani, na Aprili 30 ndio mwisho wa kuwasilisha makadirio yenyewe. Kiti unachokitaka Julai kiombe Agosti iliyopita.

Na ukiomba, taja kitu. "Kuboresha elimu ya awali" ni maneno yanayoweza kuishia kwenye semina hotelini. Sisi tuliandika: viti 20, jina la shule, idadi ya watoto kutoka kwenye rejista, na picha ya yale magunia. Tulikwenda akina mama watano kwa mwakilishi wadi, maana barua peke yake huwekwa chini ya barua nyingine.

Viti vilishushwa Februari ya mwaka wa tatu, vya plastiki, vyekundu. Binti yangu alikuwa ameshaingia gredi ya kwanza. Siku hiyo alirudi nyumbani amenuna.